Baba Mkwe na Mashine Iliyochakaa

Mke wangu alifariki mwishoni mwa kiangazi, siku zile ambazo watu huchoma nyasi na moshi hulala juu ya Ufipa yote. Aliugua siku sita tu. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Mimi si mzaliwa wa huko. Nilitoka Mbeya nikiwa kijana wa darasa la nne, nikapata kazi ya kupitisha spana katika karakana ya misheni, na Sumbawanga ikawa mji wangu. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo jioni ile tuliporudi makaburini, watu wote niliokuwa na haki ya kuwaita ndugu katika mkoa ule walikuwa wa upande wake.

Haki hiyo ilikuwa na mwisho, nami niliujua. Katika ukoo wa mke wangu, mume aliyefiwa hakai na wakwe zake milele. Hukaa na nywele zake bila kunyoa, kisha mkubwa mmoja wa upande wa marehemu humnyoa, humwosha uso kwa maji ya mtoni, na kumwambia kuwa yuko huru. Huliita jambo hilo kumfungua. Baada ya hapo anaweza kuoa kwingine na hakuna wa kumuuliza. Watu walilisema kama jambo jema, na ni jema. Lakini mimi sikutaka kuoa kwingine. Nilichokiona ni kwamba siku nitakayofunguliwa sitakuwa na mtu yeyote wa kumwita baba.

Matanga yalipokwisha, ndugu walirudi kijijini kwao, upande wa Matai. Baba mkwe akabaki. Yeye ndiye angenifungua, na alisema atakaa mwezi mmoja kwanza, nisiwe peke yangu. Alikuwa mzee mwembamba, mrefu, mwenye makovu madogo ya moto kwenye mikono yote miwili. Siku za kwanza tulikaa barazani tukitazama barabara. Nilimsalimu asubuhi, shikamoo baba, marahaba mkwe wangu, na salamu hiyo ilitutosha mpaka mchana.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda, na ndani ya banda kulikuwa na mashine ya kuchonga chuma. Si ya kukereza, ile inayozungusha chuma kama mtu anayemenya chungwa. Hii ilikuwa ya kusimama. Ina nguzo nene, ina kichwa juu kinachozungusha kisu, na chini ina meza inayobeba kipande cha chuma na kukipeleka kwenye kisu, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kwa mashine hiyo unaweza kuchonga mfereji kwenye mhimili au kulifanya pande la chuma liwe bapa kabisa. Ilikuwa imefanya kazi misheni tangu kabla sijafika. Bruda mmoja wa Kizungu aliyesimamia karakana alipokuwa anarudi kwao, aliniambia mashine ile imechoka na wataitupa shimoni, kama naitaka niichukue. Nikaiburuta kwa ng'ombe wanne juu ya gogo lenye panda, njia nzima watu wakinicheka.

Mke wangu hakucheka. Aliitazama, akauliza ni kitu gani kimeiua. Nikamwonyesha. Meza ya mashine hutembea juu ya njia mbili za chuma, na njia hizo zilikuwa zimeliwa katikati, kwa sababu kila fundi hufanya kazi yake katikati na hakuna anayefika pembeni. Kwa hiyo meza ikifika katikati inacheza kama jino bovu, na ukiipeleka pembeni inakwama. Mke wangu akasema, "Kumbe imechakaa kama kizingiti." Jumapili moja aliisugua kutu kwa majivu na mchanga, kama anasugua sufuria, mpaka chuma kikaonekana. Hapo ndipo tulipofika mimi na yeye kabla hajaugua.

Baba mkwe aliingia bandani katika wiki ya tatu, akitafuta kivuli. Aliizunguka mashine mara mbili bila kuigusa.

"Hii nayo imefiwa?" akauliza.

"Imechakaa, baba. Nilikuwa nataka kuifufua."

"Basi ifufue. Unangoja nani?"

Nikamwambia sijui vizuri namna. Nilikuwa nimemwona Bruda akifanya kazi hiyo mara moja tu, miaka mingi nyuma, na mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia taa. Mzee akavuta kigoda akakaa. "Mimi nilibeba makaa miaka minne kabla sijaruhusiwa kuuliza swali," alisema. "Wewe umeshika taa. Si umeona?"

Ndipo nilipojua zaidi kuhusu makovu yake. Alipokuwa kijana, Wafipa walikuwa bado wanayeyusha chuma chao wenyewe, katika tanuru la udongo refu kuliko nyumba, ambalo kwa Kifipa huitwa ilungu. Yeye alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuifanya kazi hiyo, kabla majembe ya dukani hayajaiua. Alinieleza kuwa wayeyushaji waliweka kambi porini kando ya tanuru, na mtu akishaingia kambini hakurudi nyumbani kwa mkewe mpaka chuma kitoke. Hata akipata habari ya msiba alibaki palepale.

"Na hapa ni hivyo hivyo," alisema. "Kama tunaanza, tunaanza. Mimi siwezi kuacha chuma katikati nikaenda kula ugali."

Alisema hivyo kwa mzaha kidogo, lakini nilimfahamu vya kutosha kujua kuwa ni neno lake. Na nakumbuka nilivyofurahi. Kwa maneno yale alikuwa amejifunga mwenyewe bandani mwangu.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Bruda alikuwa ameniachia pamoja na mashine bamba moja la chuma, refu kama mkono, lililonyooka bila kosa. Unalipaka bamba masizi yaliyochanganywa na mafuta, unalilaza juu ya njia ya mashine, unalisugua kidogo, unaliondoa. Mahali palipoinuka panabaki na weusi. Mahali pa chini panabaki peupe. Basi unakwangua weusi ule kwa kikwanguo, kidogo sana, unga mwembamba tu wa chuma, unafuta, unapaka tena, unalaza tena. Mara mia, mara mia tatu. Polepole vilima vinashuka mpaka vilingane na bonde.

Kikwanguo hakikuwepo. Mzee akachukua tupa langu kuukuu, akachimba shimo dogo uani, akatengeneza mvuo wa ngozi ya mbuzi wa kupulizia moto, akawasha makaa. Alilitia tupa motoni, akaligonga ncha, akalizamisha, akalipasha tena akiangalia rangi, na lilipofika rangi ya majani makavu ya ulezi akalizamisha mara ya pili. Hakutumia kipimo chochote. Kikwanguo kile ninacho hadi leo, na sijawahi kununua kingine.

Masizi tulikwangua kwenye masufuria. Mafuta yalikuwa ya nyonyo, kwa sababu mengine hayakupatikana dukani.

Siku mbili za kwanza tuliharibu, na tuliharibu pamoja. Nilikuwa nimesahau ni kipi kinachokwanguliwa. Mzee akatazama weusi na weupe ule, akasema kama mkulima, "Palipo na upara ndipo penye ugonjwa. Shamba lenye upara ndilo unalolishughulikia." Niliona ana akili. Tukakwangua upara siku mbili, yaani tulichimba mabonde yazidi kuwa mabonde. Siku ya tatu bamba lilipokaa juu ya njia lilikuwa linazunguka kwenye ncha zake kama mtu aliyekalia vigoda viwili, na hapo nikakumbuka mkono wa Bruda ukifuata weusi.

Nilimwambia. Mzee akafikiri.

"Kwa hiyo tumeiongezea kidonda."

"Ndiyo, baba."

"Basi tumejipatia kazi nyingine," akasema, akainama tena.

Jirani yangu alikuwa dereva wa lori la dagaa. Alipanda kutoka Kasanga kwa njia ya Matai mara moja kwa wiki, na kila aliporudi alipita bandani kututazama, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Bado mnampaka wanja bibi harusi?" aliuliza.

"Bado," mzee alijibu. "Ana uso mkubwa."

"Mkimaliza atawapikia?"

"Wewe leta dagaa, mengine tutajua."

Mvua zilianza. Mwezi ule mmoja ukaisha na hakuna aliyeutaja. Tulikuwa na utaratibu wetu: mimi upande wa kulia, yeye upande wa kushoto, na bamba kati yetu. Na kwa vile mikono ilikuwa na kazi, mdomo ulifunguka. Alizungumza juu ya binti yake. Hakuanza kwa kusudi. Aliniambia kwamba binti huyo alipokuwa na umri wa miaka saba walimtuma kwa bibi yake kijiji cha pili, amebeba kuku kwapani. Njiani kuku akataga. Mtoto hakujua yai ni la nani, la nyumbani au la bibi, basi akarudi njia yote hadi nyumbani kuuliza, kuku kwapani na yai mkononi, na jua limekaribia kuzama. Mzee alipofika hapo alicheka mpaka akaweka kikwanguo chini.

Sikuwa nimewahi kuisikia hadithi hiyo. Niliishi na mke wangu miaka tisa na nilidhani namjua kabisa. Kila siku bandani nilipewa kipande kingine chake. Alikuwa mkaidi darasani. Alimwogopa bata. Alikataa kabisa kubebwa mtoni, akaangukia majini mara mbili, akakataa tena. Nilikuwa kama mtu anayepokea mizigo ya mtu aliyesafiri, mmoja mmoja, na nilitaka isiishe.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu kwa muda mrefu.

Kazi ilikuwa inakaribia kwisha. Weusi uliokuwa unakaa mahali pawili patatu sasa ulitawanyika njia nzima, vidoa vidogo vingi kama mbegu za ulezi zilizomwagika, na hiyo ndiyo dalili. Niliijua. Lakini pia nilikuwa nimegundua siri moja ya masizi. Ukipaka mengi, bamba linadanganya kuwa kazi imekwisha, maana weusi unafika hata bondeni. Ukipaka haba sana, linadanganya kuwa haijaisha, maana ni vilele viwili vitatu tu vinavyogusa. Mpakaji wa masizi nilikuwa mimi. Nikaanza kupaka haba. Nikilaza bamba na kuliondoa, vilionekana vidoa vitatu. Nikasema, "Bado, baba." Naye akasema, "Bado," akachukua kikwanguo.

Nilifanya hivyo majuma matatu. Nilikuwa nakwangua chuma kizima ili mzee wa watu asiende kwake.

Na kwake kulikuwa na mtu. Mama mkwe alikuwa amezika binti kisha akarudi kukaa na majirani katika nyumba mpya ya kijiji cha ujamaa, maana walikuwa wamehamishwa huko si muda mrefu. Alituma salamu kwa lori la dagaa. Mara ya kwanza dereva alileta unga wa ulezi kwenye kikapu, na swali: mama anauliza kama chuma kimekaribia kutoka. Mara ya pili alileta maharage, na swali lilelile. Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa tatu, mvua inaelekea mwisho, wakati ambapo watu wa Ufipa hufukia nyasi na kutengeneza yale matuta yao ya mviringo. Dereva hakuwa na kikapu. Alisimama mlangoni pa banda, na safari hii hakuuliza habari za bibi harusi.

"Mama anasema matuta amelima peke yake," alisema. "Hakunipa neno jingine."

Mzee akasema, "Nimesikia." Akaendelea kukwangua.

Mimi nilishindwa. Niliweka kikwanguo chini, nikajifanya natafuta kitambaa. Mama yule alikuwa na zaidi ya miaka sitini. Nilimwona akilini akiinua jembe kwenye nyasi ndefu zilizolowa, na mimi nipo mjini nachezea masizi na mume wake.

Dereva alipoondoka, mzee alifuta njia ya mashine kwa kiganja. Kisha akalichukua bamba, akalilaza, akalisukuma kwa kidole upande mmoja.

"Tazama," alisema. "Mwanzoni lilikuwa limekalia vigoda viwili. Ukilisukuma linakimbia. Sasa limekaa chini, halitaki kuondoka. Limekaa hivi muda gani, mkwe?"

Nikainama kuokota kikwanguo.

"Mimi sijui masizi. Lakini kitu kilichokaa nakijua."

"Majuma matatu," nikasema.

"Mimi nilidhani mawili."

Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Aliniuliza nilikuwa naogopa nini. Nikamwambia ukweli wote, vibaya, bila mpango. Nikasema, "Baba, ukinifungua ukaenda, mimi hapa nitamwita nani baba? Na habari zake nitazisikia wapi?" Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na nilikuwa nalia mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo kwao halifanyiki.

Nilingoja aniambie neno la kunituliza. Aliangalia mlango, akaangalia mashine.

"Tuifunge," alisema. "Mama yako amelima peke yake."

Tuliifunga siku nne. Tuliweka grisi, tukarudisha meza juu ya njia zake, nikabadilisha nati ya shaba inayovuta meza, iliyokuwa imeisha meno, kwa nyingine niliyoikereza karakana ya misheni kwa ruhusa yao. Mota yake ilikuwa imeungua zamani, kwa hiyo nilifunga puli na mkanda kutoka kwenye injini ndogo ya dizeli niliyokuwa nikiitumia kukata mbao. Mzee alizungusha usukani wa meza kwa mkono mmoja, kutoka ncha hadi ncha. Meza ilikwenda kwa uzito uleule njia yote. Akarudisha. Akapeleka tena. Sikumbuki alizungusha mara ngapi.

Tulichonga kipande kimoja cha chuma, cha majaribio. Vumbi na vipande vilivyojikunja vilirukia mikononi mwake na hakuondoa mikono. Kipande kilipotoka alikipeleka kwenye mwanga wa mlango, akapitisha ukucha juu yake.

"Chuma kimetoka," alisema.

Asubuhi yake alininyoa. Alikuwa ameleta wembe wake kutoka kwao, ulikuwa kwenye mfuko tangu siku ya kwanza. Alininyoa polepole nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha bandani, akaniosha uso kwa maji aliyoyafuata mwenyewe mtoni. Akasema maneno yanayosemwa: kwamba binti yao nilimtunza, kwamba hawana neno juu yangu, kwamba niko huru niende ninakotaka. Aliyasema kwa Kifipa kwanza, halafu kwa Kiswahili, ili nisije nikasema sikuelewa. Nikaitikia inavyopasa. Saa nne lori la dagaa lilikuwa linarudi Kasanga likiwa tupu, akapanda mbele na dereva, mfuko mapajani. Hakugeuka, lakini hakuwa mtu wa kugeuka.

Miezi iliyofuata nilifanya kazi. Mashine ilipata sifa haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu vipuri havikuja na kila kitu kilikuwa kinakufa. Nilichonga mifereji kwenye mihimili ya mashine za kusaga unga, nikatengeneza masikio ya plau, nikasawazisha vichwa vya injini. Watu walifika hata kutoka Kipili, kule ziwani. Nilishukuru kwa kazi. Lakini jioni nilizima injini na hapakuwa na sauti. Nilikuwa huru, kama nilivyoambiwa. Sikuwatumia salamu, kwa kuwa sikujua nitume kama nani.

Mwezi wa sita, baridi kali ya Sumbawanga, akafika mtu na baiskeli. Alikuwa amevaa koti la mvua kwa ajili ya baridi na ana daftari kubwa kwapani. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa banda, akaniangalia kwa macho ya mtu wa serikali.

"Wewe ndiye fundi wa mashine ya kuchonga?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Mimi ni katibu wa kijiji." Akataja kijiji. Kilikuwa cha wakwe zangu. Nikadhani analeta msiba.

"Kuna mtu amefariki?"

"Hakuna. Kuna mtu ni mtoro." Akafungua daftari, akalamba kidole, akapekua. "Shamba la kijiji. Palizi ya maharage, mwezi wa nne, hukuonekana. Kuyavuna, hukuonekana. Sasa tunavuna mahindi siku ya nne leo, watu wote wapo, wewe hupo. Mwenyekiti amesema nikufuate kwa sababu nilikuwa nakuja mjini kwa mambo mengine, nisikie utetezi wako."

Nikamwambia amekosea mtu. Mimi si mwanakijiji. Mimi ni mtu wa Mbeya, nakaa mjini, nina kibanda changu.

"Sijakosea." Akanigeuzia daftari.

Lilikuwa orodha ya kaya. Kila nyumba ilikuwa na jina la mwenye kaya, kisha waliomo, na mbele ya kila jina uhusiano wake. Palikuwa na baba mkwe. Chini yake, mke. Chini ya mke, jina langu, lote, na mbele yake limeandikwa: mtoto.

Nilisoma mara kadhaa. Nilimuuliza katibu liliandikwa lini.

"Mwezi wa tatu, mzee aliporudi kutoka huku. Tulikuwa tunaandika upya. Tulimuuliza, mzee, una watoto wangapi? Akasema mmoja, yuko mjini, anafanya kazi ya chuma. Tukamwuliza atakuja kufanya kazi ya kijiji? Akasema atakuja, ni mzito wa kuondoka tu." Katibu alifunga daftari. "Sasa mimi nikaandike nini? Mtoro au mgonjwa?"

"Andika nimechelewa," nikasema.

"Hakuna sehemu ya kuchelewa."

"Basi andika mtoro. Lakini nakuja."

Nilifunga banda saa ileile. Tulikwenda wote wawili, yeye kwenye tandiko na mimi nyuma kwenye keria, na milimani tulishuka tukasukuma. Sikuwa na jembe wala gunia. Tulilala njiani kwa ndugu yake na kufika shambani kesho yake, watu wamejipanga mstari katika mahindi makavu, wakivunja na kutupa kwenye malundo. Baba mkwe alikuwa upande wa mbali. Aliniona, akanyoosha mkono kuonyesha mstari ambao haukuwa na mtu, kando ya wake. Nikaingia. Salamu tulipeana tukivunja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mashine haichezi?"

"Haichezi."

Hatukuzungumza habari ya daftari, siku ile wala nyingine. Lakini kulikuwa na mtu mwingine niliyepaswa kuzungumza naye. Mchana, wakati wa kula, nilimfuata mama mkwe alipokuwa anapakua, nikapiga goti pembeni. Nikamwambia kwamba mume wake angerudi mapema, kabla ya matuta, na mimi ndiye niliyemzuia kwa udanganyifu. Nilimweleza hata ya masizi. Nilitaka ajue hasa nilivyofanya.

Alisikiliza huku akiendelea kupakua ugali kwa wavunaji.

"Yeye alikuwa na wewe," alisema mwishoni. "Na wewe ulikuwa na yeye. Mimi nilikuwa na jembe."

"Nisamehe, mama."

"Nimesikia." Akanipa sahani. "Mwakani utayalima wewe. Siyo nusu. Yote."

Niliyalima. Kila mwaka mvua ikielekea mwisho nilifunga banda juma zima, nikaenda kufukia nyasi za mama yule, na kwa miaka kumi na moja, mpaka Mungu alipowachukua wote wawili, sikukosa hata msimu mmoja. Sikuwahi kuwa hodari. Matuta ya Ufipa yana umbo lake, mkono wa mtu wa Mbeya huyafanya marefu mno. Nilikuwa nikitangulia na jembe, naye mama alinifuata nyuma, ameinama, akiyarekebisha moja baada ya jingine kwa viganja, akinong'ona kwa Kifipa maneno ambayo mzee, akiwa amekaa kando ya shamba na miguu yake mibovu, alikataa kunitafsiria.